Likeni za ncha za dunia: maswali ninayoulizwa sana hapa Mwanza

Nafundisha baiolojia tuisheni pale Nyakato, na nina ugonjwa wa kupenda likeni, yale madoa ya kijivu, kijani na manjano yaliyobanduka banduka kwenye mawe yetu kama rangi ya zamani. Mtu akinikuta nimepiga magoti kwenye jiwe kule Capri Point na lenzi jichoni lazima asimame aulize, na nikishamwambia kuna watu wanaenda mpaka Antaktika, bara la barafu la ncha ya kusini, kwa ajili ya vitu hivi, basi maswali hayaishi. Yale yanayojirudia nimeyaweka hapa.

Ticha, hivi likeni ni mmea au ukungu?

Sio mmea. Ni kuvu inayoishi na mwani ndani ya mwili wake, au sianobakteria (bakteria wanaojitengenezea chakula kwa jua), au vyote viwili kwa pamoja. Kuvu inajenga mwili, inashika jiwe, inatunza unyevu, mwani unatengeneza sukari kwa mwanga wa jua na kuvu inakula humo humo. Ukiikata kwa wembe ukaiweka kwenye maikroskopu unaona kabisa: juu gamba la kuvu, chini yake mstari wa vidoti vya kijani, alafu nyuzi nyeupe zilizolegea mpaka chini.

Mswisi Simon Schwendener alilisema hili mwaka 1867 na wakubwa wa fani wakamshambulia kweli kweli. William Nylander wa Finland, ambaye alikuwa anazijua likeni kuliko karibu kila mtu Ulaya nzima, hakulikubali kabisa. Alafu mwaka 2016 Toby Spribille na wenzake wakaonyesha kwamba likeni nyingi zina kuvu nyingine tena kwenye gamba la nje, ya aina ya hamira, na hiyo inafanya kazi gani humo mpaka leo watu wanabishana. Ushike kitu kimoja tu maana huko mbele kitatusumbua: jina la kisayansi la likeni ni jina la ile kuvu kuu. Mwani una jina lake pembeni.

Kule si barafu tupu? Zinaota wapi sasa?

Kwenye mawe, pia kwenye udongo, kwenye mifupa ya zamani, kwenye mimea midogo iliyokufa ikakauka, popote pasipohama hama. Sehemu ya Antaktika isiyofunikwa na barafu haifiki asilimia 1 ya bara zima, na hapo hapo ndo kila kitu kinagombania. Mimea ya maua ya asili iko miwili tu bara zima, nyasi inayoitwa Deschampsia antarctica na kimmea kingine kifupi kilichojikunja, Colobanthus quitensis. Likeni ziko kama spishi 400. Huku Aktiki, upande wa kaskazini, zimeorodheshwa kama 1,750, kwasababu kule kuna ardhi nyingi zaidi isiyo na barafu na imeungana na Ulaya, Asia na Amerika. Dunia nzima zinazojulikana ni kama 20,000.

Upande wa kusini zimekutwa mpaka latitudo 86 na nusu, yani karibu kabisa na ncha yenyewe, kwenye vilele vya mawe vilivyochomoza juu ya barafu.

Ila hadithi ninayoipenda mimi ni ya Imre Friedmann. Miaka ya 1970 alikuwa anapasua mawe ya mchanga kwenye Mabonde Makavu ya McMurdo, sehemu ambayo watu walishaizoea kuiona haina uhai. Jiwe kwa nje halina kitu. Ukilipasua, milimita chache ndani unakuta mistari imepangana, mweusi, chini yake mweupe, chini yake kijani. Likeni imehamia ndani ya jiwe! Inakaa kati ya punje za mchanga, mwanga kidogo unaopenya unaitosha, upepo na ukame wa nje vinaipita juu.

Zinavumiliaje baridi ile na giza la miezi?

Kwa kulala. Likeni haina mizizi wala namna ya kuzuia maji yasitoke mwilini, hewa ikikauka nayo inakauka mpaka ukiishika inavunjika, na ikiwa kwenye hali hiyo haina maji ya kuganda na kupasua seli zake, inasubiri tu. Wakati wa giza la baridi kali inalala miezi. Theluji kidogo ikiyeyuka juu ya jiwe jeusi lililopigwa na jua inaamka, inafanya kazi masaa machache, ikikauka inalala tena. Na zile za mwani wa kijani zinaweza kuamka kwa mvuke wa hewani tu au kwa theluji iliyozigusa, hazihitaji hata tone. Zenye sianobakteria zinataka maji kabisa, ya kulowana, ndo maana kwenye Antaktika ya ndani yenye baridi kavu hizo huzikuti wakati kwenye visiwa vya pembeni vyenye unyevu zipo. Watafiti wamepima likeni zikitengeneza chakula hata kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri na zaidi ya hapo.

Rangi nazo zina kazi. Weusi wa likeni za Buellia na wa zile Usnea za kusini ni melanini, inazuia jua kali na inasaidia kupata joto. Rangi ya chungwa ya Xanthoria ni kemikali inaitwa parietini, kinga ya jua hiyo hiyo.

Bei ya maisha ya hivyo ni kukua polepole mno. Buellia frigida kule Mabonde Makavu imepimwa inaongezeka chini ya milimita 1 kwa miaka 100. Fikiria doa la sentimita 3, lilianza lini? Mtu mmoja akilikwangua kwa kisu limekwisha.

Nani alizikuta kwanza?

Wavuvi wa sili na mabaharia, bila kujua wamekuta nini. Mmarekani John Torrey alieleza Usnea ya visiwa vya South Shetland mwaka 1823 kutoka sampuli zilizoletwa na meli, yeye mwenyewe hakwenda. Joseph Hooker alikwenda, na ule msafara wa James Ross wa meli Erebus na Terror, na mwaka 1843 akakusanya likeni kisiwa cha Cockburn. Mwaka 1895 Carsten Borchgrevink akakuta likeni Possession Island, mbali kusini, sehemu ambayo wataalamu walidhani hakuna kinachoota.

Lakini mtu ninayemheshimu kuliko wote ni Elke Mackenzie, ambaye wakati ule alijulikana kama Ivan Mackenzie Lamb. Mwaka 1944, vita kuu ya pili bado inapigwa, Waingereza walikuwa na watu Antaktika kwa siri, operesheni Tabarin, na yeye akiwa mtaalamu wa mimea. Wenzake wanajenga kibanda pale Port Lockroy, wanaweka redio, yeye yuko ufukweni anakwangua mawe. Akatoka na Verrucaria serpuloides, likeni inayoishi chini ya maji ya bahari muda wote. Likeni nyingine za baharini maji yakijaa zinafunikwa, yakitoka zinapata hewa, hii haitoki kabisa.

Sasa mtu anagunduaje spishi mpya? Anatembea tu anaikuta?

Hapa ndo watu wengi wanapokosea, wanafikiri mtu amesimama kwenye barafu anapiga kelele "nimeipata!" Hamna kitu kama hicho, au kipo mara chache sana. Kule nje una baridi, glavu nene, helikopta au boti inakusubiri, unachofanya ni kukusanya na kuandika. Spishi mpya inapatikana mezani, miezi au miaka baadaye, na mara nyingine anayeipata sio aliyeichukua. Makabati ya hebaria duniani, yani nyumba za kuhifadhia mimea na kuvu zilizokaushwa, yana bahasha zilizokusanywa miaka 50 au 100 iliyopita ambazo ndani kuna spishi haijapewa jina, mtu aliandika juu "Lecidea, sijui ipi" akaiweka pembeni akafa.

Kazi ya nje inaendaje: nyundo na tindo kwa zile zilizong'ang'ania jiwe, kisu kwa zile za majani, zote kwenye bahasha ya karatasi, sio mfuko wa plastiki maana zitavunda. Kwenye bahasha unaandika mahali kwa GPS, mwinuko, aina ya jiwe, upande jiwe linapoelekea, kuna ndege karibu au hakuna, tarehe na nani kachukua. Bahasha isiyo na maelezo ni takataka, hata kama ndani kuna kitu cha ajabu.

Mezani sasa. Kwanza lenzi ya mkono ya mara 10: umbo lake likoje, limeganda kabisa kwenye jiwe, au lina majani, au limesimama kama kichaka? Lina vikombe vya spora, yani vile vijimbegu vya kuvu, au lina unga unga wa kujizalishia bila spora? Ukipata kikombe unakikata kwa wembe, kipande chembamba kiasi kwamba ukikiangalia hivi hivi hukioni, unakiweka kwenye slaidi na tone la maji. Ndani kuna vifuko na kwenye kila kifuko kwa kawaida spora 8. Buellia zina spora za kahawia zenye vyumba viwili. Rhizocarpon geographicum, ile ya manjano yenye mistari meusi kama ramani inayojaa kwenye mawe ya Aktiki, spora zake zina vyumba vingi vidogo kama ukuta wa matofali. Hapo tayari umezitenganisha hata kama kwa nje zingefanana.

Ukishamaliza yote hayo na bado haiingii kwenye jina lolote lililopo, usifurahi haraka. Inabidi utafute sampuli asilia, yani zile zilizotumika kutoa jina, za spishi zote zinazokaribiana nayo, ziko London, Geneva, Helsinki, Vienna, kila moja kabati lake, uziangalie moja moja. Wengi wanakwama hapa. Na mara nyingi jibu linakuwa "kumbe ilishapewa jina mwaka fulani".

Nilikuona unadondoshea jiwe jiki, ulikuwa unafanya nini?

Haha, huyo aliyeuliza ni dada anayeuza dagaa pale mwaloni Kirumba, alidhani nasafisha jiwe. Likeni zinatengeneza kemikali zake mamia, nyingi huzikuti kwenye kiumbe kingine, na ukizidondoshea kitu sahihi zinabadilika rangi. Nylander huyo huyo aliyemkatalia Schwendener ndo alileta kipimo hiki mwaka 1866. Unatumia K, yani potasiamu haidroksaidi iliyochanganywa na maji, na C, ambayo ni jiki ya kawaida isiyo na manukato.

Unachukua dropa nyembamba au hata kijiti cha meno, unagusa sehemu ndogo, unaangalia kwa lenzi papo hapo maana rangi nyingine inakaa sekunde chache inapotea. Xanthoria ya chungwa ukiigusa na K inageuka zambarau iliyokolea ghafla, ukiona mara ya kwanza unaruka. Umbilicaria ukiikwangua kidogo ndani ukaweka C inakuwa nyekundu. Nyingine zinaanza manjano zinaishia nyekundu kama damu. Nyingine hakuna kitu, na hilo nalo ni jibu unaliandika. Maabara kubwa siku hizi wanazitenganisha kemikali kwenye bamba maalum ili wazijue kwa majina, lakini kipimo cha dropa hakijastaafu.

K inaunguza ngozi na macho, watoto wasiichezee, nasema tena wasiichezee.

Siku hizi si wapime DNA tu mambo yaishe?

Wanapima, na imesaidia sana, ila mambo hayaishi. Tangu 2012 wataalamu wa kuvu wamekubaliana kutumia kipande kimoja cha DNA kinachoitwa ITS kama utambulisho wa kuvu, herufi mia kadhaa tu. Unachukua kipande cha likeni, unatoa DNA, unakuza kile kipande, unalinganisha na hazina za mtandaoni. Shida ya kwanza: ndani ya likeni kuna kuvu kuu, mwani, hamira, bakteria na kuvu nyingine vimelea zinazoishi juu ya likeni, ukizembea unasoma DNA ya mgeni. Shida ya pili: jina lililoko kwenye hazina aliliweka mtu, na watu wanakosea.

Shida ya tatu ndo tamu. Kule visiwa vya kusini kuna Usnea mbili, Usnea antarctica yenye unga unga wa kujizalishia na Usnea aurantiacoatra yenye vikombe vikubwa. Zinaota pamoja, jiwe moja. Watu wakapima ITS wakasema hizi ni spishi moja, moja imeamua kuzaa kwa njia hii na nyingine kwa ile. Baadaye, mwaka 2018, wengine wakatumia vipande vingi vya DNA vinavyobadilika haraka zaidi wakakuta zinajitenga vizuri kabisa, ni mbili. Kipande kimoja cha DNA kilikuwa hakitoshi, na yule mzee wa kuangalia unga na vikombe kwa lenzi alikuwa yuko sahihi tangu mwanzo.

Na kinyume chake kipo. Kule Amerika ya tropiki kuna likeni moja ya Cora, watu walikuwa wanaiita spishi moja miaka nenda rudi, mwaka 2014 DNA ikaonyesha ni zaidi ya 100. Mtu wa Mwanza halimshangazi hili, tuna furu, wale samaki wadogo wa ziwani. Hapa kwetu furu wote ni furu, sokoni wanapimwa pamoja kwenye kisado, lakini kundi la watafiti wa Leiden, Uholanzi, walikaa Mwanza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 wakawachambua kwa meno, taya na rangi za madume mpaka wakatoka na mamia ya spishi, nyingi hazikuwa na jina, na kabla hawajamaliza kuhesabu sangara akawa ameshazila nyingi.

Mbona majina yanabadilika badilika? Kitabu kinasema hili, mtandao unasema lile

Sababu mbili. Moja, ukoo unapangwa upya: Xanthoria elegans siku hizi wengi wanaiita Rusavskia elegans, ni kitu kile kile kimehamishwa kabati. Mimi bado naiandika Xanthoria kwa mazoea, mnivumilie.

Mbili, mtu alitoa majina ovyo. Carroll Dodge, Mmarekani, alieleza likeni nyingi sana za Antaktika, kuanzia sampuli za msafara wa Mmarekani mwenzake Richard Byrd miaka ya 1930 mpaka kitabu chake cha 1973. Shida ni kwamba nyingine zilikuwa vipande vidogo vilivyochoka, vingine havijakomaa, vingine vimeumwa na upepo, na kila kipande chenye sura tofauti kikapata jina jipya. Miaka ya 1990 Waitaliano wawili, Castello na Nimis, wakafungua bahasha zake moja moja, wakakuta majina mengi ni spishi zile zile zilizojulikana zamani, mengine sampuli haitambuliki kabisa. Ile kazi ya kufuta majina haina sherehe, hakuna gazeti litaandika "wanasayansi wamepunguza spishi", lakini kwangu ina thamani kuliko kuongeza jina lingine juu ya rundo. Bila wao mtu angesema Antaktika ina spishi chungu nzima za kipekee ambazo hazipo.

Naweza kuipa jina langu?

Hakuna sheria inayokukataza ila utachekwa, kwa heshima unampa mwenzako au mahali. Utaratibu wenyewe upo kwenye kanuni za kimataifa za majina ya mwani, kuvu na mimea. Lazima utaje sampuli moja ndo asilia na useme imehifadhiwa hebaria ipi, uandike maelezo kwa Kilatini au Kiingereza (zamani ilikuwa Kilatini tu, mpaka mwisho wa 2011), uchapishe, na tangu 2013 lazima upate namba ya usajili kabla, MycoBank au Index Fungorum. Bila namba jina halihesabiki.

Ni kweli zimepelekwa anga za juu?

Kweli. Xanthoria elegans, inayoota ncha zote mbili na kwenye milima mirefu, iliwekwa nje ya kituo cha anga cha kimataifa kuanzia 2008 kwa mwaka na nusu, bila hewa, na mionzi yote ile. Iliporudi sehemu yake ilikuwa bado hai ikaendelea kutengeneza chakula.

Kuna mnyama anakula hizo?

Paa wa Aktiki, rendia. Majira ya baridi wanafukua theluji kwa kwato wakitafuta Cladonia rangiferina na ndugu zake. Kwa kuwa likeni inanyonya kila kitu kutoka hewani, Chernobyl ilipolipuka 1986 mionzi ya sezia ilijaa kwenye likeni za Norway na Sweden, ikaingia kwa rendia, na wafugaji wa Kisami wakapoteza nyama nyingi sana kwa kosa lisilo lao.

Lile doa kubwa kwenye jiwe la Bismarck lina miaka mingapi?

Sijui na nisikudanganye. Kupima umri kwa likeni kupo, Roland Beschel alikianzisha mwaka 1950 kwa kupima madoa kwenye makaburi na majengo yenye tarehe, akapata kasi ya kukua, alafu akaitumia kwenye mawe yaliyoachwa na barafu. Aktiki wanakitumia kujua barafu ilirudi nyuma lini. Lakini kasi ile ni ya sehemu ile na spishi ile. Hapa kwetu ungeanza na makaburi ya zamani yenye tarehe, jiwe la aina moja na la ziwani, ndo useme. Na ule weupe mwingi wa pale Bismarck sio likeni, ni kinyesi cha ndege. Ila kinyesi hicho kina faida, likeni za chungwa zinapenda sana nitrojeni, na Antaktika ni vile vile, ukiona jiwe limegeuka chungwa ujue ndege wanatua pale au pengwini wako karibu.

Mawe yetu yana uhusiano wowote na kule?

Unao, kuliko watu wanavyodhani. Ile michirizi meusi inayoshuka kwenye majabali ya Bugando na Igogo maji ya mvua yanakopita, nyingi ni sianobakteria wakiishi wenyewe. Pembeni yake, sehemu kavu, yale majani ya kijani-manjano yaliyobana jiwe mara nyingi ni jamii ya Xanthoparmelia, yanaishi maisha ya kule kule kwa sababu tofauti: mchana jiwe linachoma, likeni imekauka imelala, alfajiri unyevu wa ziwa unaiamsha inafanya kazi mpaka jua likipanda. Nenda saa kumi na mbili asubuhi na saa saba mchana kwenye jiwe hilo hilo uone rangi ilivyo tofauti.

Na ukipanda juu, Meru au Kilimanjaro, msituni unakutana na Usnea zinaning'inia kama ndevu, ndugu wa zile za South Shetland. Juu zaidi kwenye mawe baridi kuna Umbilicaria, na moja, Umbilicaria aprina, iko milima mirefu ya Afrika Mashariki na iko Antaktika. Ilifikaje pande zote? Kuna likeni nyingine, Cetraria aculeata, ambayo DNA yake ilionyesha ilitoka kaskazini ikashuka kusini enzi za barafu, kwahiyo njia za kuruka mlima hadi mlima zipo. Kwa anayetaka kusoma za kwetu, Swinscow na Krog walitoa mwongozo wa likeni kubwa kubwa za Afrika Mashariki mwaka 1988. Zile ndogo zilizoganda kwenye mawe, za ziwani hasa, kazi bado ni nyingi.

Joto likipanda kule zitafaidika au zitakufa?

Inategemea upande. Aktiki, vichaka vinapanda na kuzifunika, zinakosa mwanga, na rendia anakosa chakula. Antaktika ya pwani ardhi mpya inafunguka, zingine zinapata nafasi, lakini mbegu za mimea ya kigeni nazo zinakuja kwenye soli za viatu vya wageni. Ndo maana wanakusafisha viatu kabla hujashuka melini.

Mimi nipo form six, nataka niende huko siku moja, naanzia wapi?

Kuchuma hata kipande kule kunahitaji kibali, ni mkataba wa Antaktika wa 1959 na itifaki yake ya mazingira ya 1991, kwahiyo huendi peke yako, unakwenda ndani ya mradi wa nchi yenye kambi. Afrika, Afrika Kusini ndo iko kwenye mkataba tangu siku ya kwanza na ina kambi yake, SANAE. Soma baiolojia na kemia vizuri, tafuta chuo chenye mtu wa kuvu.

Lakini anza na mawe ya hapa hapa. Nunua lenzi ya mara 10, tengeneza bahasha za karatasi, chukua jabali moja la mtaani kwenu uzijue likeni zake zote kwa umbo, vikombe na K na C kabla hujagusa jabali la pili. Chukua kidogo, acha nyingi. Saanane ni hifadhi ya taifa, pale unaangalia na kupiga picha tu, usichume. Ukiona kitu hukielewi hebaria ya taifa iko Arusha na ya Afrika Mashariki iko Nairobi, wapelekee bahasha yenye maelezo kamili. Kupeleka sampuli nje ya nchi kunataka vibali na ukifika ngazi ya utafiti rasmi unaanzia COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, usitume tu kwa posta kwasababu mtu wa Ulaya kakuomba.

Na jiki uiombe nyumbani, usiibe ya mama.